Maksai Aliyeitwa Rudi

Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na mitatu, taabu iliingia zizini kwetu, na nilianza kuijua kwa pua. Zizi lenye ng'ombe wengi lina harufu yake: maziwa, mkojo, majani yaliyotafunwa, na juu ya hayo yote moshi wa samadi inayoungua taratibu jioni ili kufukuza mbu. Mwaka ule harufu nyingine zilipungua moja baada ya nyingine, ukabaki moshi peke yake. Ndigana ilikuwa imepita. Asiyefuga hawezi kuijua ndigana, na mfugaji hana haja ya kuelezwa: ng'ombe anavimba tezi chini ya sikio, anapumua kama aliyekimbizwa, na siku chache baadaye mnachuna ngozi. Baba yangu, Mzee Masanja, alizoea kusimama langoni asubuhi akiwapitisha ng'ombe mmoja mmoja kwa majina. Ikawa anasimama pale, anataja majina machache, kisha ananyamaza huku mdomo wake bado uko wazi.

Kwetu ni upande wa Kahama, kando ya barabara ya vumbi inayokwenda Bugarama na kuendelea hadi Geita. Ardhi yetu ni ya mbuga, udongo mweusi ambao wakati wa jua unapasuka mguu wa mtoto ukaingia, na mvua ikinyesha unashika jembe kama una deni nalo. Udongo ule haulimwi kwa mkono na mtu mwenye akili zake. Unalimwa kwa plau na maksai wawili, mtu mmoja nyuma ameshika mikono ya plau, mwingine mbele ameshika kamba. Nyuma alikuwa baba. Mbele alikuwa kaka yangu Mabula, mkubwa wangu kwa miaka mitano. Watoto wengine waliozaliwa kati yetu hawakuishi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wanne tu, na kwa Msukuma mwenye ng'ombe hilo lilikuwa jambo la kusemwa. Watu walimwambia baba aoe mke wa pili, aoe wa tatu, ajaze mji. Baba akawajibu kwa njia yake. Maksai wake wawili wa plau aliwaita Wacha na Waseme. Akiwa shambani anapaza sauti mpaka mtaa wa tatu: "Wacha! Waseme!" Wenye masikio wakasikia.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na sijui kama watoto wa leo wanaijua. Neno usiloweza kumwambia jirani usoni, unampa maksai alibebe. Kijijini kulikuwa na mtu aliyemwita maksai wake Wivu na mwenzake Hausaidii. Mwingine aliibiwa kuku, akamwita ng'ombe wake Nakujua, na mwizi akahama. Nyumbani tulizungumza Kisukuma mchana na usiku, lakini maksai walifundishwa Kiswahili. Sababu yake nilimuuliza baba, akaniambia Kiswahili ni lugha ya amri: ya mgambo, ya mwalimu na ya ng'ombe. Kwa hiyo maksai wetu walijua Kiswahili kumshinda mama. Twende, simama, kaza, na mkifika mwisho wa mstari unasema "rudi", nao wanageuka wenyewe wanaanza mstari mwingine. Waseme alikuwa mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, mzee, mtulivu. Ukisema "rudi" hata kwa kunong'ona alikuwa ameshageuka.

Nimseme baba yangu kama alivyokuwa, maana wafugaji wanasifiwa kwa ng'ombe tu. Alikula nasi, chungu kimoja, jambo ambalo wanaume wenzake waliliona la aibu. Jioni wanaume na wavulana walikaa kwenye shikome, ule moto wa nje ambapo mambo ya mji huzungumzwa, nasi wanawake tulikaa jikoni. Baba alikuwa akinyanyua sauti: "Shija, lete kijinga cha moto." Nikikileta ananiambia kaa kwanza kipoe. Kijinga hakikuwahi kupoa, nami nikazoea kulala kwenye paja lake nikisikiliza habari za ng'ombe. Wakati wa kiangazi miguu yetu ikipasuka alitupaka samli mwenyewe, kidole kwa kidole, akimaliza kwa mama, na mama akimfukuza kwa kicheko: "Baba Mabula, watu wanaona!" Naye anajibu, "Waseme." Maksai akisikia anainua kichwa.

Basi ndigana ikamchukua Wacha. Waseme akabaki na nira ya upande mmoja. Baba alikuwa na dume changa jekundu, tayari limehasiwa, akampa Mabula alifundishe. Kwetu anayemfundisha maksai ndiye anayempa jina, na anampa siku ile anayolima mstari wa kwanza bila kuanguka. Mabula alimfundisha yule mwekundu kwa kukokota gogo, wiki baada ya wiki, lakini moyo wake haukuwa kwenye gogo. Ulikuwa barabarani. Mwaka ule barabara ilikuwa inapitisha watu kama siafu, wengine kwa malori, wengine kwa baiskeli, wengi kwa miguu, sururu begani, wote wanakwenda Bugarama kuchimba dhahabu. Mama aliweka mtungi wa maji kando ya njia, maana mpita njia kwetu hanyimwi maji, na Mabula alikuwa anakwenda kuujaza ule mtungi hata ukiwa umejaa.

Jioni moja tukiingiza ng'ombe, akasema. Nilikuwa karibu, nimeshika mkia wa ndama.

"Baba, tumuuze Waseme. Ninunue sururu na chakula, niende Bugarama. Nikipata nitakujazia zizi."

"Waseme hauzwi."

"Wenzetu wanaokota dhahabu, baba. Sisi tunaokota mavi ya ng'ombe."

Baba aliweka mkono kwenye mti wa lango. Mpaka hapo walikuwa wanasema Kisukuma, na ugomvi wa Kisukuma una mlango wa kutokea, maana ndani yake kuna baba, kuna mwanangu, kuna mayu, yaani mama. Lakini baba alikasirika mpaka akahamia Kiswahili. Akasema, "Mavi hayo ndiyo yaliyokulea. Toka kwenye lango hili. Nenda! Na usirudi!"

Mabula alitoka. Hakuchukua hata shuka. Mama alikuja akikimbia kutoka jikoni, ugali wa mtama bado umemganda mikononi, akamkuta baba amesimama. Hakumpigia kelele. Alisema tu, "Umemsemesha mtoto kama maksai." Akarudi ndani.

Wasomaji wa mjini wataniuliza, si angemfuata tu? Kutoka kwetu hadi Bugarama si mbali kwa mtu aliyezoea kutembea. Nawaambia hivi: mate yakishatemwa hayalambwi, na kwetu neno la baba alilolitamka langoni mwa zizi, mkono wake ukiwa juu ya mti wa lango, ni neno zito. Akilimeza, nani atamsikiliza tena? Hawezi kumfuata, hawezi kutuma mtu amwambie njoo. Alijifunga mwenyewe na ufunguo akautupa. Na habari za machimboni zilikuwa zinafika kila siku mnadani: mashimo yale waliyoyaita maduara yalikuwa yanakwenda chini kama kisima kisicho na maji, na udongo ukiteleza hakuna wa kukuchimbua. Baba akisikia habari hizo alikuwa anajifanya anaangalia meno ya ng'ombe. Alikonda. Mama naye aliacha kuimba wakati wa kukamua, na ng'ombe wakapunguza maziwa. Mtu asinibishie, ng'ombe anajua nyumba ikiwa na msiba.

Mvua za kwanza zikanyesha, lile vumbi likanyanyuka na harufu yake, ikabidi tulime. Kamba ya mbele haikuwa na mtu. Baba akanitazama, akasema, "Shija, shule itakusubiri." Haikusubiri. Niliishia darasa la nne, na sijawahi kumlaumu. Msichana kushika kamba ya maksai lilikuwa jambo geni, wanawake wenzangu kisimani walinicheka wakaniita dume, nami nilijiona mrefu.

Siku ya kwanza yule mwekundu alilima mstari mzima bila kuanguka. Mama alikuwa ametuletea uji. Akauliza, "Sasa huyu ataitwa nani? Aliyemfundisha hayupo."

Baba alifuta jasho, akatazama barabara, akasema, "Anaitwa Rudi."

Mama akatua kibuyu chini. "Baba Mabula. Hilo si jina la maksai. Hilo ni neno la kugeuzia."

"Najua."

"Mtalimaje?"

"Tutalima."

Mama akajifunika mdomo na ncha ya kanga, sikujua analia au anacheka. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilikuwa na akili. Nilisikia baba alivyoita alipowainua maksai: "Waseme! Rudi!" Nikaelewa. Yeye hawezi kusema rudi. Basi waseme wao. Waseme wapita njia, waseme upepo, yeyote yule mwenye mdomo ambao haukuapa.

Lakini jamani, kulima kwenyewe! Baba alikuwa mlimaji aliyesifiwa, mistari yake ilikuwa inanyooka ungeweza kuipimia uzi. Sasa tukifika katikati ya shamba, yule mwekundu akilegea, baba anamwita kwa jina lake, "Rudi!" Mwekundu, ambaye bado hajui maneno, anakaza kwenda mbele. Waseme, mwanafunzi mzuri wa siku nyingi, anasikia amri anageuka. Nira inapinda, shingo zinagongana, plau inaruka kutoka ardhini kama kambare, nami mbele nimeshikilia kamba nazungushwa kama pia. Tunawanyoosha. Hatua kidogo, mwekundu analegea tena. "Rudi!" Waseme huyoo, anakwenda zake nyumbani. Shamba letu lote likawa limepinda. Na lilikuwa kando ya barabara kuu, mbele ya macho ya nchi nzima.

Jirani yetu Nkwabi, mtani wa baba tangu ujana wao, alikuja akasimama mpakani, mikono kiunoni.

"Masanja! Unalima au unamfukuza nyoka?"

"Namfukuza nyoka," baba akajibu bila kusimama.

"Basi fimbo ya mbali haiui nyoka. Mfuate huko huko aliko."

"Wewe Nkwabi, kalime kwako. Mkeo anasema mistari yako imenyooka lakini haioti kitu."

Nkwabi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasikia, "Waseme! Rudi!", akamwona Waseme anageuka, akayaona macho ya baba yako barabarani, na kicheko kikamkauka. Alinyanyuka akajipangusa. Hakutania tena kuhusu lile shamba. Aliwaambia wengine waache, na hao wengine hawakuacha. Wakimkuta baba mnadani walikuwa wanatembea kwa kupindapinda, watu wanaangua kicheko. Mtu mwenye fahari kama yule, ambaye angeweza kumaliza aibu hiyo kwa kubadilisha jina la ng'ombe tu, hakubadilisha. Mpaka leo sijaona mwanamume aliyelipenda jambo kuliko baba alivyoipenda ile mistari yake mibaya.

Wachimbaji walikuwa wanasimama kunywa maji kwenye mtungi wa mama, wanatutazama, wanacheka, wanaigiza: "Waseme! Rudi!" Wanaondoka wakiimba hivyo. Nilikuwa naumia. Nilimwambia baba, "Wanakucheka." Akasema, "Kuna mtu anabeba mzigo wako bure, wewe unalalamika?"

Yaliyotokea huko Bugarama alitusimulia Mabula mwenyewe baadaye, na akisimulia mpaka sasa mkono wake unashika koo. Alikuwa chini ya duara, anajaza udongo kwenye mfuko, kamba inavutwa juu. Wale wa juu wakivuta walikuwa na neno la kuvutia, kama watu wote wanaofanya kazi ya nguvu pamoja, na maneno hayo yalibadilika kila kikundi kipya kikija. Siku hiyo wakakaza kamba wakaita: "Waseeeme! Rudi! Waseeeme! Rudi!" Kule chini gizani, kaka yangu akasikia jina la ng'ombe wa baba yake. Alidhani hewa imemwishia na kichwa kinamchezea. Alipopandishwa akauliza, hilo neno mmelitoa wapi? Wakamwambia, kuna mzee mmoja njiani, analima kama amelewa, mbele kamweka binti, maksai mmoja anamwita Waseme, mwingine Rudi, na kila akiita wanageuka. Mabula akauliza, huyo Rudi ni wa rangi gani? Wakamwambia mwekundu. Akafikiri kidogo. Maksai yule mwekundu alikuwa wake kumpa jina, na jina limeshatolewa. Akaweka sururu chini.

Tulikuwa shamba la mwisho, la pamba. Mahindi ya mwanzo yalikuwa yameshaota, na kwa kuwa yameota kwenye mistari ile, shamba zima lilikuwa kama maji yanayotembea. Nilimwona mtu kwenye ukingo, nywele nyekundu kwa vumbi, nguo zimekwisha, anatazama mahindi kwa uso wa hofu. Baadaye alisema alidhani baba amepofuka. Baba naye alimwona. Nilijua kwa kuwa plau ilizama ghafla, alikuwa ameilalia. Lakini hakusimama. Aliita kwa sauti yake yote, "Waseme! Rudi!" Waseme akageuka, akamvuta mwenzake, akamvuta baba na plau yake, wakaenda moja kwa moja hadi miguuni pa Mabula, Waseme akanusa kiganja chake.

"Shikamoo, baba."

Baba alikaza mikono ya plau. Kisha baba akasema, "Marahaba. Wewe ni nani?"

Mabula alikuwa mtoto wa baba yake, alielewa upesi. "Mpita njia, mzee."

"Unatoka wapi, mpita njia?"

"Bugarama."

"Umepata nini huko?"

"Kikohozi."

Baba alitingisha kichwa. "Basi mpita njia hanyimwi maji. Lakini maji ya mtungini leo yamekwisha. Nenda pale nyumbani, yuko mama mmoja, mwambie akupe ya ndani." Akanigeukia mimi kwa ukali: "Na wewe kamba inakuanguka, unatazama nini?" Kamba kweli ilikuwa imeniponyoka. Tulilima mstari mmoja tukaachia hapo, maana kutoka nyumbani kilikuwa kimeshasikika kigelegele cha mama, na baba alikuwa haoni anakokwenda.

Likabaki lango. Jioni ng'ombe waliporudi, Mabula aliwaswaga mpaka zizini, akasimama nje. Hakuthubutu kuingia alipoambiwa asirudi. Ng'ombe nao wakasimama. Baba alitazama, akaenda kuchukua shoka. Zizi letu lilikuwa na ua wa minyaa, minene, ya tangu enzi za babu. Alizunguka upande wa mashariki akaanza kuikata, minyaa ikimwaga utomvu wake mweupe, na kila mtu wa kwetu anajua utomvu ule ukiingia machoni ni kilio. Alifungua lango jipya, pana. La zamani akaliziba kwa miiba. Akasema, "Lango lile lina neno lake. Likae na neno lake. Hili halijaambiwa kitu." Mabula akaingiza ng'ombe. Baba alipotoka kule kwenye minyaa machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka ndevuni, akasema ni utomvu. Mama akamletea maziwa ya kuoshea macho, ndiyo dawa yake. Aliosha na kuosha. Hakuna aliyemuuliza utomvu gani hauishi.

Mwisho wa msimu baba alinipa mtamba mmoja, mwekundu, mbele ya wanaume kwenye shikome, akasema huu ni ujira wa aliyeshika kamba. Walinung'unika, binti hapewi ng'ombe, binti huleta ng'ombe. Unajua alijibu nini. Nilipoolewa nilikwenda na mtamba wangu, wakwe zangu wakashangaa mwanamke anayekuja na kwato nyuma yake. Mabula aliondoka tena miaka michache baadaye, akahamia Runzewe kwenye malisho, lakini safari hiyo baba alimsindikiza na ng'ombe, akitembea upande wake, wakiongea Kisukuma njia nzima.

Siku hizi mambo ni mepesi. Mwanangu mdogo anaendesha bodaboda Geita mjini, tukigombana naye saa nne, saa tano nimeshampigia simu, na yeye ananiambia "mama, yaishe." Ni vizuri, silaumu. Siku zile neno moja lilimgharimu mtu shamba zima na heshima yake mnadani, kwa hiyo ukipewa ulijua uzito wake. Kwenye simu nikisema "rudi nyumbani", mtoto anajibu "sawa" akiwa anaangalia kitu kingine.

Baba na mama wamelala upande wa mashariki wa zizi lile. Mimi sikusoma, sikurithi, sikubebwa na mtu. Nilicho nacho leo ni hiki. Ng'ombe, wote uzao wa mtamba yule, na wingi wao hausemwi hadharani. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu. Kisima. Mashine ya kusaga. Shamba la mbuga kando ya barabara, na trekta la kulilima. Zizi la minyaa, mfano wa lile la baba, lenye malango mawili, moja limezibwa. Na jozi ya maksai ambao sina haja nao, lakini kila mvua ya kwanza nawafunga nira nashika plau mwenyewe, mjukuu wangu wa kike mbele na kamba. Mmoja anaitwa Rudi. Mistari yangu imepinda, wapita njia wanasimamisha pikipiki wanapiga picha wanacheka. Mwenzake mnamjua jina.